Mfuko Usiopitisha Hewa Haukaushi Mahindi
Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianza kutafuta namna ya kuhifadhi kunde za wakulima wa Kameruni bila dawa. Ukapatikana mfuko wa matabaka matatu, mawili ya plastiki na la nje la gunia, ambao sasa hutiwa hata mahindi. Fukusi waliofungiwa humo humaliza oksijeni, wakafa.

Lakini unyevu hubaki ndani. Mahindi yasiyokauka hufanya ukungu, na ukungu huweza kuleta aflatoksini, sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Basi unyevu upimwe kabla ya kufunga, usizidi asilimia 13.5. Chama kisicho na kipimo kitie mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, itikiswe: chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yaanikwe tena.