Bustani Yetu: Wadudu na Magugu Bila Kupiga Dawa Kila Wiki

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Ukiona sukuma wiki imetobolewa, wazo la kwanza ni dawa. Lakini dawa ni pesa, na mboga hiyo utawapikia watoto keshokutwa. Leo tuone namna ya kupunguza dawa na bado tupate mboga.

Twende kwanza Lumino, wilaya ya Busia nchini Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Huko, na kwa jirani zao wa Tororo, mahindi yana maadui wawili wakubwa: kiwavi anayetoboa shina, na kiduha, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Kiduha kimoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa ardhini miaka mingi.

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, pamoja na wenzao, walitengeneza njia iitwayo vuta-sukuma, na wakulima wa Busia na Tororo wanaitumia. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, na harufu yake humfukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa matete, nayo humvuta nondo akatage huko. Viwavi wengi wanaoanguliwa kwenye matete hufa. Mizizi ya desmodiamu nayo huamsha mbegu za kiduha, zikaota na kufa bila kushika mzizi wa mahindi.

Desmodiamu hukaa miaka kadhaa na inataka nafasi. Bustani zetu ni hatua chache tu. Lakini akili ile ile inatufaa: mjue mdudu, changanya mimea, funika udongo.

(Mlio mfupi wa ngoma)

MOJA: Kagua. Mara mbili kwa wiki, asubuhi, pindua majani uangalie chini yake. Ponda mayai, okota viwavi. Mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, mwache. Yeye anakula vidukari.

MBILI: Changanya. Panda vitunguu au dania kati ya mistari ya sukuma. Ukimaliza kuvuna sukuma, usipande kabichi hapo hapo, maana wadudu wao ni wale wale. Panda maharagwe au mchicha.

TATU: Palilia mapema, kabla gugu halijatoa maua. Ndago usiikate juu tu. Chimba utoe na vinundu vyake. Kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu. Magugu yatapungua, na maji uliyobeba kwa jerikani yatakaa udongoni muda mrefu zaidi. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze.

NNE: Vidukari wakizidi, tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, unyunyize chini ya majani jioni. Jaribu mche mmoja kwanza. Kwa viwavi, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Weka mbali na watoto, na osha mboga vizuri kabla ya kupika.

TANO: Ikibidi kununua dawa ya dukani, usinunue iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Haina maelezo, na mtoto anaweza kuinywa akidhani ni soda. Nunua yenye lebo, soma au usomewe siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzisubiri kweli. Chombo chake kisichote maji kamwe, hata ukikiosha mara kumi.

Kazi ya kesho asubuhi, msikilizaji: pindua majani kumi. Ukikuta mdudu usiyemjua, mtie kwenye kichupa umpelekee afisa kilimo au jirani anayelima. Mjue kwanza, ndipo uamue.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga)