Ulimi wa Nyoka na Sikio Lake

Wengi wetu hudhani kwamba nyoka huuma kwa ulimi. Sivyo. Sumu hupita katika meno. Ulimi ule wenye ncha mbili huokota harufu hewani na ardhini, na harufu hiyo hutambuliwa katika vitundu viwili vilivyo juu, ndani ya kinywa. Hivyo nyoka hujua kama panya amepita, na ameelekea upande gani.

Tena twasema nyoka ni kiziwi. Hata Zaburi ya 58 yamfananisha mtu mwovu na nyoka asiyetaka kusikia. Kweli, nyoka hana masikio ya nje. Lakini taya lake hupokea mtikisiko wa ardhi na kuufikisha kwenye sikio la ndani. Sauti nzito za hewani pia huzisikia.

Basi, nyoka wengi wakihisi kishindo chetu hukimbia. Bafe hafanyi hivyo. Hutulia tuli, akitegemea rangi yake ifananayo na majani makavu, nasi humkanyaga ndipo atuume. Kwa hiyo tusitegemee kishindo pekee. Usiku tuchukue tochi, tuvae viatu, tutazame tunapoweka mguu. Na mtu akiumwa, tusimchanje wala kumfunga kamba. Tumtulize, asitembeetembee, tumfikishe hospitali upesi.

Nyoka, tunayemwita kiziwi, husikia hatua zetu. Sisi tulioonywa tusiwe viziwi.