Mwanamke wa Kimaasai Asikilizwe Barazani

Ukame umekuwa mgeni asiyebisha hodi katika nyika za Kaskazini mwa nchi yetu. Mwaka 2009 uliangamiza ng'ombe wengi Longido, Monduli na Ngorongoro. Mwishoni mwa mwaka 2021 ukarejea, na Simanjiro ikatapakaa mizoga. Tabianchi inabadilika, na mfugaji anaadhibiwa kwa kosa ambalo si lake.

Katika msiba huo yupo mtu ambaye sauti yake haijasikika vya kutosha. Ukame unapozidi, wanaume huhama na ng'ombe kutafuta malisho ya mbali. Mwanamke hubaki bomani na watoto, wazee, ndama na mifugo iliyodhoofika. Ndiye ajuaye kisima kipi hukauka kwanza, majani yapi yametoweka, na maziwa yamepungua kiasi gani. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wamaasai tangu zamani hutenga malisho yaitwayo alalili, yasiguswe mpaka kiangazi kikali, ili ndama na wanyama dhaifu wapate kunusurika. Hiyo ni hekima kubwa. Lakini malisho hayo hulindwa au hupotea kwa uamuzi wa vikao vya kijiji, na katika vikao hivyo mwanamke amezoea kukaa nyuma na kunyamaza.

Sheria haikumnyamazisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila itolewe hata kwa kikundi. Tena inaagiza kwamba kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, wanawake wawe 3. Kasoro iliyopo ni kwamba kiti huweza kujazwa bila mwenye kiti kusikilizwa.

Wapo watakaosema kwamba tunabomoa mila. La hasha! Mila hiyo hiyo ndiyo iliyomkabidhi mwanamke maziwa na nyumba, ambayo huijenga kwa mikono yake mwenyewe. Aliyeaminiwa uhai wa boma hawezi kukosa la kusema juu ya malisho yanayoulisha.

Dunia imekwisha kulitambua hilo. Mwaka 2016, Mkataba wa Paris ulipotiwa saini New York, Bibi Hindou Oumarou Ibrahim, mwanamke wa jamii ya wafugaji wa Chad, alisimama na kuhutubia. Ikiwa mfugaji mwanamke amesikilizwa na wakuu wa mataifa, kwa nini asisikilizwe chini ya mgunga kijijini kwake?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa viongozi wa vijiji: mikutano ipangwe saa ambazo wanawake hawako njiani kuchota maji, mambo yaelezwe kwa lugha wanayoielewa, na hakuna eneo la malisho litakalogawiwa kabla wanawake hawajatoa kauli yao. Ukame utakuja tena. Hatuna budi utukute tumekwisha kushauriana sote.