Sura ya 4: Mwenye Amri

Kwa miaka mingi nilifundisha darasa la kipaimara kwa orodha. Usisikilize singeli, usifuate makundi, usishinde kwenye simu, usibeti. Watoto waliitikia "ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, na walichojifunza kweli ni kupunguza sauti ya muziki nikipita. Walikuwa wananiogopa mimi, nami nikadhani wanamwamini Yesu.

Kilichonizindua ni neno moja. Tulikuwa tunasoma Marko sura ya 1, habari ya Yesu kufundisha katika sinagogi la Kapernaumu, mahali ambapo Biblia ya Union Version inamwita mtu mwenye amri. Nikauliza amri ni nini. Mikono ikapanda: Amri Kumi. Ya jeshini. Ya baba akirudi nyumbani. Msichana wa miaka 13 akamalizia, "Ni kuambiwa ufanye kitu na usiulize."

Kwa masikio ya namna hiyo, Yesu anakuwa mkubwa mwingine aliyeongezeka kwenye foleni ya wakubwa, na foleni ya watoto hawa tayari ni ndefu.

Neno la Kigiriki lililopo hapo ni exousia, lilelile ambalo kwenye Mathayo 28 limetafsiriwa mamlaka. Lakini sikuwapa Kigiriki. Niliwaambia wachukue penseli, wafuatilie sura ya 1 hadi ya 4, waandike kila mara Yesu anapotumia amri yake: ni nani au ni nini kinachoamriwa? Walirudi na pepo mchafu aliyefukuzwa, ukoma ulioondoka, upepo na bahari vilivyonyamazishwa. Mmoja akaongeza homa ya mama mkwe wa Simoni, wakabishana kama inahesabika, maana kwa Marko Yesu anamshika mkono tu. Niliwaacha wabishane. Walikuwa wanasoma Biblia kwa mara ya kwanza bila kusukumwa.

Mara nyingi amri ile ilikiangukia kile kinachomtesa mtu. Sisemi kwamba Yesu hawadai watu kitu. Mstari wa 17 wa sura ya 1 unawaita wavuvi, nao wanaacha nyavu zao, na huo si mzaha. Ila wale wavuvi baada ya kuitwa walitembea naye, wakaona. Sisi huwa tunamdai mtoto utii kabla hajaona chochote.

Kutoka hapo ndipo unaweza kugusa sauti nyingine zinazomwamuru mtoto. Mpe kila mmoja karatasi, aandike sauti zote alizozisikiliza tangu asubuhi: mama, rafiki wa dawati moja, kaka wa mtaani, mtu wa TikTok, tangazo la kubeti, mchungaji, wewe mwenyewe. Usizipange kuwa nzuri na mbaya. Uliza swali moja tu: nikimfuata huyu na mambo yakiharibika, nani atalipa? Wavulana wangu waliokuwa wanatengeneza mikeka ya kubeti mechi za Jumamosi walicheka, kisha wakanyamaza. Halafu fungua Yohana 13. Pale imeandikwa kwamba Yesu alijua vitu vyote vimetiwa mikononi mwake, na kitu cha kwanza alichofanya kwa mikono hiyo ni kujifunga kitambaa na kuosha miguu ya watu, ya Yuda ikiwamo.

Usiwafanye marafiki kuwa maadui, tafadhali. Katika Marko 2 yule mwenye kupooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Wenzake wanne walitoboa paa la watu. Kundi rika likiamua jambo, hata dari hailizuii.

Sauti ninayoihofia zaidi ni ile inayotumia jina la Yesu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto wengi. Waendesha mashtaka wanasema waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana. Vijana wamesikia habari hii, na ukiikwepa watajua unaikwepa. Soma nao Matendo 17, ambapo Waberoya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili wajue kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Ikiwa Paulo alichunguzwa, mwalimu wa kipaimara ni nani? Mimi huwaambia wazi: nikisema jambo na hulioni kwenye Injili, niulize mbele ya wote. Wananiuliza. Mara mbili nimelazimika kurudi Jumamosi iliyofuata na kukiri kwamba niliongeza la kwangu, na siku hizo mbili nilisikilizwa kuliko siku nyingine zote.

Wapo watakaokuambia hawaamini. Usikimbilie kumwita mzazi. Katika Yohana 6, wengi walipoondoka, Yesu aliwageukia wale 12 akawauliza kama nao wanataka kwenda. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mvulana mmoja aliniambia, macho yakiwa chini, kwamba hajui kama anaamini haya mambo. Nikamwuliza kama wiki ijayo atakuja. "Nitakuja, mwalimu," akasema. "Baada ya darasa kuna mpira. Na lile swali la homa hatujalimaliza."