Kikohozi cha Watoto na Kuvu katika Nyumba za Kambi



Kila msimu wa mvua, tunapopita katika kambi za mashamba ya chai huku magharibi mwa Uganda, akina mama wanatueleza jambo lile lile. Mtoto anakohoa usiku, kifua kinalia kama filimbi, anapewa dawa, anapata nafuu wiki moja, kisha ugonjwa unarudi. Ukiingia ndani unakuta ukuta ulio karibu na kitanda umekuwa mweusi kwa kuvu, na godoro linanuka unyevu. Wazazi wengi hawajui kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa na uhusiano. Katika makala haya tunaeleza uhusiano huo, namna ya kumpeleka mtoto apimwe na kutibiwa, na mambo ambayo tunapaswa kuyadai kwa pamoja.

KUVU INADHURU VIPI

Kuvu huota popote penye unyevu usiokauka: paa likivuja, sakafu ikinyonya maji ya ardhini, au nyumba ikikosa dirisha. Hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huruka hewani na kuvutwa puani. Mtoto mdogo huvuta pumzi mara nyingi kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoeleza kwamba wakaaji wa nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, kupata pumu na maambukizo ya njia ya hewa.

Lakini tuseme kweli, ndugu. Si kila kikohozi kinatokana na kuvu. Kuna nimonia, kuna kifua kikuu, kuna moshi wa kuni. Meneja akisema, "Ni moshi wa majiko yenu," huenda ana sehemu ya ukweli, maana moshi nao huumiza mapafu. Sisi tunamjibu hivi: moshi hautoboi paa. Hata hivyo ni vizuri kupikia nje au penye hewa, ili tukienda kudai tusipewe kisingizio.

KABLA YA KWENDA KITUO CHA AFYA

Chukua daftari. Andika tarehe mtoto alipokohoa, kama ni usiku au mchana, na dawa alizopewa. Andika pia siku alizolala kwingine. Mtoto akipelekwa kwa bibi yake kwenye nyumba kavu, akapona, na akirudi kambini akaanza tena, hiyo ni habari kubwa kwa daktari. Taja pia kama katika ukoo kuna mwenye pumu. Usingoje kuulizwa. Daktari hajaona ukuta wako. Ni wewe wa kumwambia. Ukiwa na simu yenye kamera, mpige picha ukuta huo.

Zipo dalili ambazo hazingoji daftari wala ruhusa ya nyapara. Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea bila kuamka vizuri, au sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke saa hiyo hiyo. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Huyo naye apelekwe siku hiyo hiyo.

Tangu mwaka 2001 matibabu katika vituo vya serikali hapa Uganda hayana malipo, isipokuwa upande wa kulipia katika hospitali. Hivyo usikae nyumbani kwa kuogopa ada.

KUPIMWA NA KUTIBIWA

Mganga atasikiliza kifua na kuhesabu pumzi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria. Akikohoa zaidi ya wiki mbili, akipungua uzito, au kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, omba achunguzwe kifua kikuu. Kwa mtoto chini ya miaka 5 hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha pumu. Mara nyingi mganga hujaribu dawa ya kufungua kifua na kuangalia kama anapata nafuu. Mtoto mkubwa zaidi anaweza kupuliza katika kifaa cha kupima nguvu ya pumzi.

Wapo watu wanaouza vipimo vya mkojo wakisema vinaonyesha "sumu ya kuvu" mwilini. Vipimo hivyo havijathibitishwa kwa kazi hiyo. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Ikiwa ni pumu, dawa iliyo bora ni ile ya kuvuta kwa pampu, kwa sababu inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Salbutamol hufungua kifua wakati wa shida. Mtoto anayeugua mara kwa mara anaweza kuandikiwa pampu ya pili, ya kutuliza uvimbe, kama vile beclometasone. Hiyo hutumiwa kila siku hata akiwa mzima, na asukutue mdomo baada ya kuivuta. Wengi wetu huiacha mtoto akipata nafuu, na hapo ndipo ugonjwa unaporudi.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu peke yake. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita inasaidia: toboa tundu kwenye kitako, ingiza mdomo wa pampu, ziba pembeni. Mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, pampu ibonyezwe mara moja, avute pumzi tano taratibu. Mwombe muuguzi akuonyeshe.

Dawa za viuavijasumu, kama amoxicillin, ni za nimonia. Haziponyi pumu wala haziui kuvu. Na dawa yo yote itapambana bure ikiwa mtoto anarudi kulala kwenye ukuta ule ule.

NYUMBA NAYO ITIBIWE

Sogeza kitanda mbali na ukuta. Fungua dirisha mchana. Anika nguo nje. Sugua kuvu kwa maji na sabuni, ukiwa umefunga kitambaa puani na watoto wakiwa nje, kisha kausha. Kupaka chokaa juu ya kuvu ni kuificha tu. Lakini kazi ya mama inaishia hapo. Kuziba paa, kuchimba mfereji wa maji na kuweka madirisha ni kazi ya mwenye nyumba, na katika kambi mwenye nyumba ni mwajiri.

Ndugu, msidhani jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Baba yake alikuwa amelalamika juu ya kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulitamka kwamba mtoto aliuawa na kuvu ya nyumba ile. Watu walipiga kelele, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria. Tangu Oktoba 2025 wenye nyumba za umma huko wanalazimika kushughulikia hatari ya dharura kwa saa 24, na kuchunguza unyevu na kuvu yenye hatari kubwa kwa siku 10 za kazi.

Sisi nasi hatukosi pa kusimama. Pendekezo Namba 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, linahusu nyumba za wafanyakazi, na linataja wazi kinga dhidi ya unyevu.

Tunajua kwa nini wengi wananyamaza. Anayelalamika peke yake huogopa kuambiwa afungashe. Kwa hiyo asiende peke yake. Kila tawi liandike orodha ya nyumba zinazovuja kwa namba, na idadi ya watoto wanaougua katika kila nyumba, bila kutaja majina yao. Barua ipelekwe kwa meneja na nakala kwa mkaguzi wa afya wa wilaya, ikiwa na sahihi ya tawi zima. Mkataba wa pamoja utakapojadiliwa upya, ukarabati wa nyumba uwekewe siku maalum, kama mshahara ulivyo na siku yake.

Leteni madaftari yenu kwenye mkutano wa tawi unaokuja, kabla mvua hazijaanza.