Kasi Isiyo Kwenye Orodha

Mwanafunzi wa elektroniki katika Kaunti ya Kakamega, awe wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au wa chuo cha ufundi cha Sigalagala, akiunganisha bodi yenye chipu ya ESP8266 kwenye kompyuta na kuiwasha, aghalabu huona kwanza mstari wa herufi zisizosomeka. Ni rahisi kudhani bodi ni mbovu. Kumbe chipu inaeleza kwa nini imewaka, ila inatuma kupitia poti ya siriali biti 74,880 kwa sekunde huku kompyuta ikisikiliza kwa 115,200. Nambari 74,880 ina asili yake: programu ya kuwashia iliyomo ndani ya chipu hutarajia kristali ya megahezi 40, na bodi nyingi hutiwa ya megahezi 26. Zidisha 115,200 kwa 26, gawa kwa 40, utapata 74,880 kamili.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unapaswa kukubali kasi yoyote ya poti ya siriali inayotajwa kwa nambari, badala ya kumlazimisha mtumiaji achague kwenye orodha ya kasi chache zilizopangwa. Poti hii haina waya wa kupeleka saa. Mtumaji na mpokeaji kila mmoja huhesabu kwa saa yake, na herufi moja kwa kawaida huchukua biti 10. Wakitofautiana kwa asilimia 5, kufikia biti ya mwisho wameachana kwa karibu nusu ya biti, na herufi huharibika. Kasi bora basi ni ile inayogawanyika vizuri kutoka kwenye kristali ya kifaa chenyewe. Arduino Uno, yenye saa ya megahezi 16, hugawa hadi 250,000 bila salio lolote. Ikiambiwa itoe 115,200 ya “kawaida”, hukosea kwa zaidi ya asilimia 2. Hapo kasi isiyo rasmi ndiyo sahihi zaidi.

Wapo wanaosema vifaa ndivyo vifuate kiwango. Lakini kiwango hicho kilitoka wapi? 110 ilikuwa kasi ya mashine za Teletype Model 33, na 134.5 ya IBM 2741. Kadi ya DH11 ya kompyuta za PDP-11 ilikuwa na nafasi 16 tu za kuchagua kasi, na Unix ikazirithi kama misimbo: hadi leo ndani ya Linux, 9,600 huandikwa 13. Orodha hiyo ilipangwa kwa vifaa vya zama zake. Ala za muziki za MIDI, tangu 1983, hutumia 31,250. Taa za jukwaani za DMX512, tangu 1986, hutumia 250,000. Hivyo navyo ni viwango halali, na havimo kwenye orodha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba si kila poti inaweza kutoa kila kasi. Ni kweli. Poti ya kale ya kompyuta binafsi hugawa 115,200 kwa nambari kamili, hivyo baada ya 115,200 hushuka moja kwa moja hadi 57,600. 74,880 haipatikani hapo. Dawa yake ni mfumo kuchagua kasi iliyo karibu kabisa, kisha kuiambia programu kasi halisi iliyopatikana, ili programu iamue kama tofauti inavumilika. Kuhusu hofu ya kuharibu programu za zamani, Linux imeonyesha njia. Kiini chake kilifungua mlango wa pili wa kupokea nambari yoyote na kuuacha ule wa kwanza kama ulivyokuwa, ingawa waandishi wa programu walitaabika kuufikia kwa sababu maktaba ya C ya GNU haikuutambua. Toleo la 2.42 la maktaba hiyo, la Julai 2025, hatimaye limeruhusu kasi itajwe kama nambari ya kawaida, na programu zilizokwisha kutengenezwa zinaendelea kufanya kazi.

Kwa mwanafunzi wa ESP8266, faida inaonekana papo hapo. Akiweka 74,880, ule mstari wa takataka unasomeka: sababu nambari 2 humwambia chipu imewashwa upya kutoka nje, mathalani kwa kitufe, na nambari 4 humwambia programu yake iliganda hadi chipu ikajiwasha upya.