Kupanga Orodha kwa Hesabu za Jumla
Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni ya IBM, alipotoa mwaka 1970 makala yake iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali, aliweka kaida kwamba mistari ya jedwali haina wa kwanza wala wa mwisho. Nayo kaida hiyo ingali na nguvu, kwani swali lisilotaja dhahiri kanuni ya kupanga halina ahadi ya mpangilio wowote katika jawabu lake. Kwa sababu hiyo, zile programu zinazofasiri vitu vya mwandishi wa programu kuwa majedwali, na majedwali kuwa vitu, humruhusu atangaze mara moja tu mpangilio wa asili, yaani ule utakaofuatwa kila ambapo muulizaji hakutaja mwingine. Mfano mashuhuri ni Django, iliyobuniwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimboni Kansas, Marekani, ikatolewa hadharani mwaka 2005.

Maadamu mpangilio huo wategemea thamani iliyoandikwa katika jedwali lenyewe, kama jina la kitabu au tarehe ya kuchapishwa, kazi huwa nyepesi, maana faharasa yaweza kuwa imekwisha kupangwa tangu awali, na hifadhidata ikitakiwa vitabu 20 vya mwanzo huvichukua hivyo na kuviacha vilivyosalia. Lakini mwenye duka akitaka vitabu vipangwe daima kwa wastani wa alama za wasomaji, wastani huo haukuandikwa popote: hapana budi kila kitabu kiunganishwe na tahakiki zake, tahakiki zikusanywe mafungu mafungu, wastani wa kila fungu upigwe, ndipo upangaji uanze, hata anayehitaji vitabu 20 tu hulipa gharama ya vyote.

Wala gharama si dhara la pekee. Kitabu kisichopata tahakiki hata moja hakina wastani, bali kina utupu uitwao NULL, na hifadhidata ya PostgreSQL, ikiamriwa kupanga toka kikubwa hadi kidogo, huutanguliza utupu huo, hata kitabu kisichosifiwa na mtu kikaongoza orodha. Ilhali hifadhidata za MySQL na SQLite huuweka nyuma. Tena, jedwali la pili, mathalani la mauzo, likiunganishwa katika swali lile lile, mistari huzidishana, na jumla hutoka ghalati pasipo onyo. Waundaji wa Django wenyewe waliona mpangilio wa asili ukijipenyeza katika maswali ya kukusanya mafungu na kuyapotosha matokeo, wakaonya katika toleo 2.2, kisha wakaikata athari hiyo katika toleo 3.1 la mwaka 2020.

Rai yangu, basi, ni kwamba mpangilio utokanao na hesabu za jumla, kama wastani huo, usiwe wa asili, bali uombwe waziwazi pale unapohitajiwa, mahali pa NULL pakitajwa, na ufunguo unaokitambulisha kila kitabu ukiongezwa mwisho ili vitabu vyenye wastani sawa visibadilishane nafasi baina ya ukurasa na ukurasa. Iwapo orodha hiyo yaombwa kila saa, wastani na uandikwe katika safu yake ndani ya jedwali la vitabu, uwekewe faharasa, usahihishwe kila tahakiki inapoingia, inapobadilishwa au inapofutwa. Nawasihi waandishi wa programu, kabla ya kutangaza mpangilio wa asili, wajiulize kama thamani yake imeandikwa au ni ya kuhesabiwa; na ikiwa ni ya kuhesabiwa, wasiutangaze.